Ukucha Tumboni mwa Gita

Wasikilizaji wapendwa, ni saa tisa alasiri. Aliye jikoni apunguze moto, aliye garini aongeze sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Posta. Kama kuna mtu mzima kati yenu ambaye hakuwahi kulowa jasho kwenye harusi ya watu kwa sababu ya nyimbo za Posta, ajitokeze nimwone.

Posta alitutoka wiki tano zilizopita. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Tangu siku ile simu za hapa studio hazijapumzika, na wote mnaniomba jambo moja: tulisikie gita lake. Lile lile la zamani, la mbao tupu, lisilojua waya wala umeme. Gita alilolipa jina, Mgeni. Nami, kwa mdomo wangu mrefu, niliwaahidi. Nilikwenda mpaka nyumbani kwake na kinasa sauti begani.

Sasa nawaambia mapema, mtu asingoje bure. Gita hilo hamtalisikia leo, wala halitapigwa tena na mtu yeyote. Sababu yake ndiyo kipindi chenyewe. Nina ruhusa ya binti yake Posta kuisema yote. Yeye ndiye aliyeniambia, "Itangaze. Usipunguze kitu, hata pale panaponihusu mimi."

Basi tuanze na gita.

Posta hakuzaliwa Posta. Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa karani katika chumba cha vifurushi, nyuma kabisa ya ofisi ya posta, kwenye mizani, rafu za mbao na harufu ya gundi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku moja likaja boksi refu, limeviringishwa gunia na kushonwa kwa uzi mnene, na juu yake jina la mwanamume fulani. Wakamwandikia barua aje achukue mzigo wake. Kimya. Wakaandika ya pili. Kimya. Ya tatu ikarudi na maneno mawili ya kalamu nyekundu: amekwisha kufa. Na aliyetuma hakujulikana, maana mvua ilikuwa imelamba jina lake huko njiani.

Boksi likasimama pembeni mwa chumba mwaka mzima. Mkuu wa ofisi akachoka kujikwaa nalo. Akasema, "Nyie, atakayeniondolea hili dude mbele ya macho yangu, ni lake." Posta akalibeba begani mpaka kwao.

Mama yake alikuwa anakunja nguo alipolifungua.

"Cha nani hicho?"

"Cha mtu aliyekufa, mama."

"Na wewe unaniletea kitu cha marehemu ndani?"

"Mama, ni mbao tu."

"Hata jeneza ni mbao, mwanangu."

Maneno hayo Posta aliyasimulia jukwaani miaka hamsini, na miaka hamsini watu walivunjika mbavu. Hata mimi nilicheka kila mara. Siku hizi nikiyakumbuka sicheki.

Ndani ya tundu la gita kulikuwa na karatasi iliyobandikwa. Jina la fundi aliyelitengeneza lilikuwa limefutika, umebaki mwaka tu, na mwaka wenyewe ulikuwa miaka kumi na tisa kabla Posta hajazaliwa. Akaliita Mgeni. Kwa nini Mgeni? Kwa sababu, alisema, amekuja bila taarifa na haondoki. Alijifunza kulipiga saa za mapumziko, ameketi juu ya magunia ya barua, na wenzake wakimtupia stempu za kale kama tuzo.

Miaka michache baadaye akaoa. Mkewe alikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyo hiyo, mwanamke wa kimo, mwenye nywele nyingi, na kitana chake kimoja cha pembe ya ng'ombe alichopewa na bibi yake. Siku ya onyesho kubwa la kwanza, Posta alivunja kile kidude cha kupigia nyuzi. Wapiga gita mnakijua, wengine mnakiita piki. Maduka yamefungwa, ukumbi umejaa, watu wameanza kupiga miluzi. Mkewe akachomoa kitana kichwani, akakivunja juu ya goti lake, pa! Akampa kipande.

"Kisugue sakafuni mpaka kilainike," akamwambia. "Na ukikipoteza hiki, usirudi nyumbani. Lala huko huko na gita lako."

Posta alikisugua mpaka kikapata umbo la ukucha wa dole gumba. Na jina lake likawa ukucha. Tangu siku hiyo hakupiga gita kwa kitu kingine. Mkewe alifariki miaka kumi na minne iliyopita, ukucha ukabaki.

Sasa hapa, wasikilizaji wapendwa, tegeni masikio. Mtu anayeogopa kupoteza ukucha wa mkewe anauweka wapi? Mfukoni? Mifuko hutoboka. Posta alikuwa anaudondosha ndani ya gita lenyewe, kupitia lile tundu la mbele. Akimaliza kupiga, tik, ukucha umelala tumboni mwa Mgeni. Akitaka kupiga, anamgeuza Mgeni kifudifudi juu ya mapaja, anamtikisa weee, mpaka ukucha unaanguka. Kisha anaubana kwenye meno, maana kukaza nyuzi kunataka mikono yote miwili. Mkono huku, mkono kule, sikio limeinamia mbao, ukucha uko mdomoni. Mara nyingine dakika kumi nzima, kwa sababu Mgeni alikuwa mzee na nyuzi zake zilikuwa zinadeka. "Unanisaidia," alikuwa akisema. "Nikiwa nao mdomoni siropoki."

Narudia, asije mtu akapitwa. Ukucha ulikaa tumboni mwa gita. Ukitoka tumboni, unaingia mdomoni. Ndivyo ilivyokuwa, asubuhi na jioni, kwa zaidi ya miaka arobaini, na haikumdhuru hata siku moja.

Posta alijaliwa mtoto mmoja, binti, na sasa nitakuwa naye huyu mpaka mwisho. Ni mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake iko sebuleni, na chumba cha baba yake kilikuwa mlango wa pili, kwa hiyo mchana kutwa walikuwa wanasikilizana, huku sindano, kule nyuzi. Baba yake alimwita Mama. Mama yake mzazi alipofariki, Posta alikaa miezi saba bila kusema na mtu. Anakula akilazimishwa, anajibu kwa kichwa. Kilichomrudisha ni gita. Siku moja tu binti akiwa anashona akasikia tikitiki chumbani, Mgeni anatikiswa, na akalia juu ya kitambaa cha watu mpaka kikalowa. Tangu hapo alikuwa na dua moja. Baba apige. Gita likisikika, baba yupo. Likinyamaza, anainuka kwenda kuchungulia.

Na huyu binti, kama washonaji wote, akipima pindo hushika pini midomoni. Huo ndio ulikuwa ugomvi wao wa kila siku.

"Mama, ipo siku utameza pini. Nikupeleke wapi mimi?"

"Na wewe na ukucha wako je?"

"Ukucha wangu hauchomi."

"Haya, tutaona nani atameza kwanza."

Walikuwa wanataniana tu. Binti ameniambia hivi, na nayasoma kama alivyoyasema: "Ndiyo maana sikuona kitu. Mimi mwenyewe kutwa nina pini mdomoni. Kwetu, mtu mwenye kitu mdomoni alikuwa ni mtu aliye kazini."

Kwa muda wa miaka miwili hivi, Mgeni akitikiswa, ukucha ulikuwa unatoka na vumbi. Vumbi laini, jeupe, la mbao. Wakalizoea. Uzee, walisema. Mwaka jana, mwezi wa tatu, binti alikuwa anampangusa Mgeni akaona vitundu ubavuni, vingi, vidogo, kama vimetobolewa kwa pini zake. Akashtuka. Mwezi wa tisa kulikuwa na onyesho kubwa, miaka hamsini ya muziki wa Posta. Gita likifa, baba atanyamaza tena. Hakungoja kesho. Akambeba Mgeni mpaka kwa fundi.

Fundi huyu ana karakana nyuma ya duka la vioo. Ni rika moja na Posta, na alikuwa akilikarabati gita hilo kwa miaka thelathini. Akatoa nyuzi, akaingiza kioo kidogo na tochi, akachungulia, akaguna.

"Wadudu wanamla huyu. Mkikaa mwaka mwingine, tumbo litabonyea."

Akateremsha mkebe wa bati kutoka rafu ya juu kabisa. Mkebe hauna maandishi. Aliurithi kwa mtu aliyemfundisha kazi, na dawa iliyomo ilikuwa imekwisha pigwa marufuku zamani. Akavaa glavu. Akafunga kitambaa puani. Akamimina vijiko viwili kwenye tundu, akamzungusha Mgeni taratibu ili dawa ifike pembe zote. Unga mweupe, wasikilizaji wapendwa. Mweupe na laini, ukiuweka kando ya lile vumbi la mbao huwezi kuutofautisha.

"Hii ni sumu ya wadudu, binti yangu," akasema. "Baba yako asitie mkono ndani. Na baada ya mwezi mmoja, mwezi mmoja, umenisikia? Umrudishe hapa nimsafishe kwa kitambaa kibichi."

"Nimesikia, baba."

Na ukucha ulikuwa wapi saa hiyo? Ulikuwa nyumbani, kwenye kikombe. Kila gita lilipokwenda kwa fundi, Posta alikuwa anautoa kwanza na kuuficha, hakumwamini mtu na kitu cha mkewe. Kwa hiyo miaka thelathini fundi yule alilipokea gita likiwa tumbo tupu. Hakuwahi kuona ukucha ukiingia. Hakuwahi kuuona ukitoka. "Ningelijua hilo," ameniambia, "ningelijua tu hilo." 

Jioni ile binti alimfikishia baba yake ujumbe wote. "Fundi anasema usitie mkono ndani."

"Mkono wangu unaingiaje kwenye kitundu hicho? Mimi panya?"

Na kweli, hakutia mkono. Alipiga nyimbo tatu kumkaribisha Mgeni nyumbani, kisha akaudondosha ukucha mahali pake. Tik.

Mwezi ukaisha. Binti akamkumbusha. "Baada ya onyesho, Mama. Nimechukua mwezi mzima kumzoesha nyuzi mpya." Fundi akaleta salamu: lileteni gita. Posta akasema fundi anataka mtu wa kupiga naye soga tu. Fundi akaleta salamu mara ya pili. Posta akasema haya, baada ya onyesho, halafu baada ya kurekodi. "Ningeweza kumchukua Mgeni baba akiwa anaoga," binti anasema. "Njia ni dakika ishirini. Sikumchukua. Siku zile alikuwa anapiga vizuri mno, nikasema kwa nini nimkatishe?"

Mwezi wa tano ndipo ikaanza ile habari ya chai.

"Mama, chai hii umeitia msumari?"

"Msumari gani, baba?"

"Ina ladha ya chuma. Kama nimelamba kitasa."

Binti akaonja. Chai nzuri, haina kitu. Lakini mzee akikuambia chai mbaya, utafanyaje? Akanunua birika jipya. Msumari upo. Akabadilisha maji. Upo. Akamtengea kikombe cha udongo. Upo. Uji nao una msumari, mkate una msumari, hata maji matupu. Ikageuka mzaha wa nyumba. Wageni wakija, Posta anawaonya, "Karibuni chai, lakini chungeni meno, binti yangu anapikia chuma." Wanacheka. Binti naye anacheka, kisha anaingia jikoni kuisugua sufuria upya.

Mwezi wa nane vidole vyake vikaanza kufa ganzi kwenye ncha. Nyayo zikawa zinamwaka moto. Tumbo halitulii. Kwenye onyesho la miaka hamsini, wengi wenu mlikuwepo, ukucha ulimponyoka mara mbili. Mlidhani ni madoido. Mlishangilia. Binti alikuwa ameketi safu ya mbele na hakushangilia, maana aliuona uso wa baba yake alipoinama kuuokota.

Akaogopa. Na woga wake ukampeleka kule kule alikozoea kupata nafuu. "Piga, baba," akamwambia. "Vidole vinataka mazoezi. Usiviachie vilale." Akampangia ratiba, saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Siku ambazo mzee alichoka, yeye mwenyewe alimwekea Mgeni mapajani. Nimemuuliza kama nilitaje hili. Amesema, "Hilo ndilo la kwanza kulitaja."

Januari Posta akalazwa. Nywele zilikuwa zinatoka kwenye mto, mashati yake yamempwaya. Daktari, mama mmoja mtulivu, alimweka binti kando na daftari lake.

"Mzee anafanya kazi na rangi? Betri? Dawa za shamba?"

"Hapana, daktari. Anapiga gita tu."

"Nyumbani mna sumu ya panya?"

"Hatuna panya sisi."

Jamani, hakudanganya hata neno moja. Alijibu alichoulizwa. Daktari alikuwa amefika mlangoni kabisa pa ukweli, akageuka akaondoka.

Na wodini, Posta akapata nafuu. Nafuu ya kweli. Siku ya kumi tumbo likatulia. Siku ya kumi na tano akaomba kuongezwa chakula. Chai ya wodi mnaijua, maji ya moto yaliyopitiwa na jani. Alikunywa vikombe viwili, akamwangalia binti yake kwa mshangao.

"Mama! Hii haina msumari!"

Binti ananiambia aliona wivu. Hebu fikirieni, aliionea wivu chai ya hospitali. Siku ya kumi na nane daktari akasema, Jumatatu mzee anakwenda nyumbani. Furaha aliyokuwa nayo binti hakujua aiweke wapi. Alhamisi akaja na zawadi, amemfunga Mgeni kwenye shuka safi.

Posta alipoona shingo ya gita ikichungulia kwenye shuka, alikaa kitako bila kushikwa. Akamgeuza. Akamtikisa. Ukucha ukaanguka juu ya blanketi na vumbi lake. Akaubana kwenye meno, akaanza kukaza.

Alipiga Alhamisi. Alipiga Ijumaa, na Ijumaa mimi nilikuwepo. Wagonjwa walisogeza vitanda, muuguzi mmoja alicheza na sinia la dawa kichwani. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Nilimwambia, "Mzee, rudia ule wa kwanza, nyuzi zimelegea kidogo, kaza." Akatia ukucha mdomoni, akakaza. Wasikilizaji wapendwa, hilo nililisema mimi, na nalikumbuka kila siku. Alipiga tena Jumamosi. Jumapili asubuhi alianza kutapika.

Jumatatu hakwenda nyumbani. Madaktari wakarudi mwanzo. Yule daktari akauliza, "Kuna kilichobadilika tangu wiki iliyopita? Chakula cha nje? Dawa za kienyeji?"

"Hakuna, daktari," binti akasema. Gita hakulihesabu. Nani angelihesabu? Gita lilikuwa kama miwani ya mzee, kama kandambili zake chini ya kitanda.

Siku nne za mwisho mikono ilikataa kabisa. Posta hakuweza tena kumwinua Mgeni. Akawa anaomba kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini. "Mama, nipe ukucha. Niushike tu." Vidole havikuweza kuushika. Kwa hiyo binti akamgeuza Mgeni yeye mwenyewe, akamtikisa kama alivyomwona baba yake akifanya maisha yake yote. Ukucha ukaanguka na vumbi. Akaupuliza kidogo, akamwekea baba yake kwenye meno, na mzee akatulia. Mchana akamwekea tena, na jioni tena, kwa siku zote nne.

Posta alifariki Alhamisi asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono. Akautoa ukucha mdomoni mwake, akaufuta kwa kona ya shuka, akaudondosha mahali pake. Tik.

Tulimzika. Mlijaa barabara nzima, familia inawashukuru. Baada ya mazishi, mdogo wa marehemu, ambaye ni fundi wa majokofu, alitoa wazo ambalo wote tulilipenda. Gita lipelekwe jumba la makumbusho, lisifungiwe kwenye kioo, ila wanafunzi wa muziki waruhusiwe kulishika na kulipiga. "Kaka angependa," alisema. Barua ikaandikwa. Siku ya kulikabidhi ikapangwa. Na mimi nikasema, kabla halijaondoka nyumbani, acheni niwarekodie wasikilizaji wangu.

Jumanne ya wiki juzi, saa nne asubuhi, nilikuwa sebuleni kwa binti. Nikarekodi kwanza sauti ya cherehani, kwa sababu mzee aliipenda. Kisha binti akamleta Mgeni. Hajui kupiga sana, anajua wimbo mmoja aliofundishwa utotoni. Akaketi kwenye kiti cha baba yake. Akamgeuza, akamtikisa. Ukucha ukaanguka mapajani. Akaubana kwenye meno, maana kukaza nyuzi kunataka mikono yote miwili.

Akakaza uzi wa kwanza. Akakaza wa pili.

Mkono wake ukasimama. Nilidhani ni majonzi. Akawa ananitazama bila kuniona. Ulimi wake ulikuwa unatembea ndani ya shavu, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi kujua umepungukiwa nini. Kisha akautema ukucha kwenye kiganja, akautazama, akatazama ule unga mweupe kwenye sketi yake.

"Msumari," akasema.

Nikasema, "Unasemaje, dada?"

"Chai ya baba. Ni hii. Ndiyo hii." Na baada ya hapo akapiga kelele ambayo kinasa sauti changu kiliinasa na ambayo sitaipiga hewani. Tulimsukutua mdomo kwa ndoo nzima ya maji. Tulimkimbiza kwa daktari yule yule. Alipimwa, akapimwa tena, yuko salama. Gita na ukucha vilikwenda maabara, pamoja na mkebe wa fundi na damu ya Posta iliyokuwa imehifadhiwa hospitalini, na maabara imejibu. Sumu ya mkebe, sumu ya kwenye ukucha, na iliyomuua Posta, ni moja. Narudia kwa wale waliochelewa: ni moja.

Mkebe huo fundi alikwenda mwenyewe kuukabidhi kwa wahusika. Kisha akaja nyumbani kwa binti, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nilipaswa kumsafisha Mgeni siku ile ile, binti yangu. Nilipaswa kuutupa ule mkebe miaka ishirini iliyopita."

"Ulisema mwezi mmoja, baba. Nilisikia."

Walikaa pamoja mpaka mchana, chai ikapoa, hakuna aliyeinywa. Gita halikwenda makumbusho. Limefungwa kwenye mfuko mzito, limepelekwa mahali panapoteketezwa vitu vya namna hiyo, na ukucha pamoja nalo.

Kwa niaba ya wenzangu wote hapa studio, natoa pole kwa binti, kwa baba mdogo, na kwa ukoo mzima wa Posta. Pole na wewe, fundi, najua unasikiliza. Mungu amlaze mzee wetu mahali pema.

Na ninyi mlio na mzee nyumbani, nawaomba mtafakari jambo moja jioni hii. Akiwaambia chai ina msumari, msikimbilie kubadilisha birika. Msicheke, kama tulivyocheka sisi. Ketini kando yake mtazame siku yake nzima, anaamkaje, anashika nini, anatia nini mdomoni. Na kama kuna kitu mliambiwa mkirudishe baada ya mwezi mmoja, kirudisheni leo.

Kwa kawaida hapa ningewawekea wimbo. Leo nawawekea kile nilichorekodi asubuhi ile kabla gita halijaletwa. Ni cherehani. Binti amerudi kazini wiki hii, sare zinangojwa. Nilimpitia jana. Alikuwa anapima pindo, na pini zake zote zilikuwa zimechomwa kwenye kimto kidogo cha kitambaa alichojifunga mkononi. Mdomoni hakuwa na kitu.